"Tairi lilipasuka" sio jibu: ajali ikitokea nani anabeba?

Huku kusini mwa Tanzania kuna sentensi moja ikisemwa tu mjadala wote wa ajali unakufa hapohapo: "tairi lilipasuka". Inasemwa msibani, inasemwa stendi, dereva anaisema akiwa amekaa chini ya mwembe na damu kichwani, na watu wote wanatikisa kichwa kama vile wameambiwa radi imepiga. Basi tena, kazi ya Mungu. Mimi Mungu namwamini ila tairi halipasuki hivihivi, linapasuka kwa sababu, na mara nyingi nyuma ya hiyo sababu kuna mtu alitakiwa kufanya kitu hakufanya, ndo nataka leo tulifumue hili jambo taratibu maana nimeona watu wanaachwa na ulemavu na watoto wa kusomesha huku haki yao imeenda jalalani pamoja na lile tairi.

Nianze na la nyumbani. Mwaka 2013 mjomba wangu alikuwa anaendesha kosta ya Masasi–Mtwara. Tairi la mbele kushoto likapasuka wameshapita Mtama hawajafika Mnazi Mmoja, gari ikavutwa kushoto ikalala. Hakufa mtu ila mama mmoja wa Ndanda alikatwa mguu. Mjomba akawekwa ndani, alivyofikishwa mahakamani bosi akamwambia we kubali kosa, faini nalipa mimi, urudi kazini. Akakubali, faini ikalipwa, kesi ikaisha asubuhi moja. Sasa lile tairi wiki moja kabla mjomba alikuwa ameshaliona lina kinundu ubavuni, akamwambia bosi, bosi akasema malizia wiki hii hesabu ikikaa vizuri tutabadilisha. Na lilikuwa halina hata miezi miwili tangu linunuliwe, liliuzwa kama jipya. Kwahiyo hapo kuna dereva aliyejua na bado akaondoka nalo, kuna mwenye gari aliyeambiwa akapuuza, kuna duka lililouza tairi likatoa kinundu ndani ya miezi miwili. Nani kati yao, na kwa kiasi gani? Hatujui na hatutajua, kwa sababu tulivyoenda gereji kuliulizia tairi tukaambiwa kuna kijana alishalichukua akalikata, katengenezea katambuga. Ushahidi wa mguu wa mama wa watu, kuna mtu kauvaa miguuni anatembea nao.

Tuanze na tairi lenyewe linakufaje, maana bila hilo sheria yote itakuwa hewani.

Muuaji mkubwa ni joto, na joto linatoka ndani ya tairi zaidi kuliko kwenye lami. Tairi likiwa na upepo pungufu, ubavu wake unajikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kule kukunjana ndo kunazalisha joto. Ongezea mzigo, ongezea mwendo, ongezea jua la saa nane mchana pale Nangurukuru, mpira unaanza kuachiana na waya za chuma zilizo ndani yake. Kwa nje hulioni hilo. Fundi mmoja wa pancha pale Mnazi Mmoja aliniambia, "Njomba, wananiletea limeshapasuka wanasema ni msumari, mi nikilivua kwenye rimu nakuta unga mweusi ndani, nakwambia hili limetembea halina upepo siku nyingi." Ule unga ni mpira wa ndani uliosagika. Ni ushahidi kabisa, na mtu yeyote mwenye macho anauona kabla haujafutwa.

Alafu kuna hii tabia madereva wetu wanayo na wanaifanya kwa nia njema kabisa, mchana gari likisimama wanagusa tairi wanaona la moto na gumu, wanatoa upepo kidogo "lisipasuke". Ndo kuliua. Upepo unapanda wenyewe tairi likichemka, waliotengeneza walishalihesabu hilo, vipimo vyote vinachukuliwa asubuhi tairi likiwa la baridi. Ukipunguza likiwa la moto, likipoa linakuwa chini ya kiwango na safari inayofuata joto linakuwa kubwa zaidi.

Umri nao. Ubavuni kuna maandishi yanaanzia na herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne kwenye kiduara, mbili za mwanzo ni wiki mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 3614 limetengenezwa wiki ya 36 ya mwaka 2014, hata kama halijawahi kugusa lami na bado lina vile vinywele vya mpira. Ukikuta tarakimu tatu tu basi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, usiliguse. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Watengenezaji wengi wanasema ukifika miaka mitano lianze kukaguliwa na fundi kila mwaka, na likifika kumi litoke hata kama kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga lami, bado zipo juu. Huku kwetu mtu akiona kashata ndefu ameridhika, haangalii kitu kingine.

Kuna jingine dogo linanikera. Magari ya mtumba kutoka Japan mengine yanakuja na matairi ya theluji, yameandikwa kabisa STUDLESS ubavuni. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili ukamate barabara yenye barafu. Sasa uulete Lindi. Linaisha haraka, linachemka haraka, na mwenye gari anajisifu kwamba tairi zake ni za Mjapani orijino.

Na mzigo. Tairi la Hiace limeandikwa labda 195R15C kisha 106/104. Ile 106 ni kiwango cha mzigo, maana yake tairi moja linabeba mwisho kilo 950, upepo ukiwa kamili. Msimu wa korosho ukifunguka nani anayahesabu hayo? Abiria wamejaa, juu magunia, nyuma ndoo za samaki. Na njia ya Songea – Tunduru – Masasi – Mtwara yenye malori ya makaa ya mawe ya bandarini, angalia pembeni ya lami utaona vipande virefu vya mpira vimelala kama ngozi za nyoka. Vingi ni kashata za matairi yaliyovikwa upya kiwandani, yani tairi lililoisha likabandikwa kashata mpya. Hapo niweke sawa jambo, tairi la kuvikwa upya sio haramu, hata ndege kubwa zinatua kwa matairi ya namna hiyo, ila limevikwa na nani na limefungwa wapi. Marekani sheria yao inakataza kabisa basi kuvaa tairi la kuvikwa upya au la kuchongwa kwenye magurudumu ya mbele, kwa sababu la mbele likiondoka usukani nao umeondoka. Na lile la kuchongwa, yani kipara kimechukuliwa kikachongwa mistari kwa kisu cha moto kionekane kina kashata, hilo kwangu ni jinai, huwezi kuniambia kitu kingine.

Haya. Sasa tuingie kwenye nani anabeba, na hapa ndo watu wanachanganya mambo kwa sababu kuna kesi za aina mbili zinatembea pamoja kama mtu na kivuli chake. Kuna jinai, pale Jamhuri inamshtaki mtu, mwisho wake faini au kifungo au leseni kuondoka. Na kuna madai, pale aliyeumia anadai fidia. Faini inaenda serikalini. Mama wa Ndanda hapati hata shilingi moja ya ile faini, na watu wengi wakisikia "kesi imeisha, kalipa faini" wanadhani na haki ya majeruhi imeisha. Haijaanza hata.

Kwenye jinai, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na haimshiki dereva peke yake, mwenye gari aliyeruhusu gari bovu litoke naye anaweza kushtakiwa. Mara nyingi nilizoona mimi anayeshikwa ni dereva, kwa sababu yupo pale, anaonekana, hana wakili. Utetezi wa dereva upo lakini una masharti: ubovu uwe wa kujificha, ambao hata dereva makini asingeuona. Tairi lililopasukia ndani bila dalili ni kitu kimoja. Kipara chenye waya nje ni kitu kingine kabisa, hapo huwezi kusema hukujua, asubuhi ulizunguka gari. Na mjomba wangu alikuwa na kinundu alichokiona kwa macho yake, nampenda mjomba lakini kosa lake lipo, alitakiwa akatae kuondoka. Ila jiulize deiwaka, dereva wa kutwa anayeishi kwa hesabu ya leo, atakataaje, kuna wengine kumi wamekaa stendi wanasubiri aseme hapana wapande wao.

Sasa kwenye madai ndo utamu wa sheria ulipo. Sheria yetu ya uzembe haijaandikwa yote kwenye kitabu kimoja, sehemu kubwa tumerithi kwa Waingereza, sheria yao inayotokana na maamuzi ya mahakama (common law) iliyokuwepo tarehe 22 Julai 1920 iliingizwa hapa, na maamuzi yao ya baada ya hapo mahakama zetu zinayaangalia kama mwongozo japo hayazifungi. Na kuna kesi moja ya kule kama imetokea barabara ya Kilwa. Inaitwa Barkway dhidi ya South Wales Transport, iliamuliwa mwaka 1950 na House of Lords, iliyokuwa mahakama yao ya juu kabisa. Basi lilikuwa linatembea, tairi la mbele likapasuka, basi likavuka barabara likaporomoka kwenye tuta, abiria akafa, mke wake akashtaki. Kampuni ikaja na sentensi ileile ya kwetu: tairi lilipasuka.

Mahakama ikasema haitoshi. Ukisema tairi lilipasuka umeeleza kilichotokea, hujaeleza kwamba hukuzembea. Uchunguzi ulionyesha lile tairi lilikuwa limeumia ndani kwa kupigwa kitu kwa nguvu, nyuzi za ndani zikakatika, likaendelea kutembea likiwa limeshavunjika ndani ndipo baadaye likaachia. Kampuni ilikuwa inakagua matairi, hilo halikukataliwa, lakini haikuwa na utaratibu wa kuwataka madereva watoe taarifa wakigonga kitu kizito ili tairi litolewe liangaliwe ndani. Kwa hilo tu wakaonekana wazembe na wakalipa.

We fikiria hapo. Dereva amepiga shimo Somanga, kashuka kaangalia, tairi limesimama, kapanda kaondoka. Linaachia amefika Mchinga, saa mbili mbele, kwenye lami safi. Kila mtu atasema limepasuka lenyewe. Hapana, lilipasukia Somanga. Na swali la mahakama litakuwa kwa mwenye basi: una utaratibu gani dereva akipiga shimo? Anaandika wapi? Nani analivua? Sijawahi kukutana na mwenye kosta huku aliyekuwa na daftari la hivyo, na nimeuliza wengi.

Kuna kanuni nyingine inaenda na hiyo, kwamba kuna mambo yanajisema yenyewe. Gari la abiria halitoki tu barabarani likalala kama kila mtu amefanya kazi yake, kwahiyo aliyeumia akishaonyesha gari lilikuwa mikononi mwa mdaiwa na likafanya kitu ambacho magari hayafanyi, ni juu ya mwenye gari sasa kuja kueleza. Hiyo ni nafuu kubwa kwa maskini, maana abiria aliyekaa siti ya nyuma atajuaje tairi lilinunuliwa lini na nani alilikagua? Mwenye gari ndo anajua, basi aseme yeye: risiti iko wapi, fundi ni nani, mara ya mwisho lilikaguliwa lini. Na ile stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haimsaidii sana, inaonyesha gari lilikaguliwa siku ile, haisemi kitu kuhusu tairi alilolifunga mwezi uliofuata.

Na mwenye gari anabeba kosa la dereva wake pia. Dereva akizembea akiwa kazini kwa bosi, bosi anadaiwa kama vile kazembea yeye, haijalishi siku hiyo alikuwa amelala nyumbani kwake Chuno. Hapo rudi kwenye ile kukubali kosa ya mjomba. Sheria yetu ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho inachukuliwa kwenye madai kama ushahidi usiopingika kwamba yule alikuwa na hatia. Kwa majeruhi hiyo ni silaha, anaenda nayo mahakamani na uzembe wa dereva tayari umeshathibitishwa, na kupitia dereva anamfikia bosi. Kwa hiyo bosi aliyedhani amefunga kesi kwa faini, kumbe amefungua mlango, kama kuna mtu wa kuusukuma. Lakini kwa dereva ni hasara tupu, amejiandikia hatia ya maisha kwa kosa ambalo labda nusu yake halikuwa lake, na kwa duka lililouza tairi ni sherehe, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja tena ya kuliangalia tairi. Madereva wenzangu na mjomba, kabla hujasema "ni kweli" mbele ya hakimu, omba tairi likaguliwe kwanza na maelezo yake yawekwe kwenye ripoti ya mkaguzi wa magari.

Muuzaji sasa. Hapa kuna njia mbili na zinategemea wewe ni nani. Kama we ndo ulinunua lile tairi, una mkataba na duka, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inaweka ahadi ndani ya mauzo hata kama hazikutamkwa, kwamba ukinunua kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa hiyo, iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi uliyomwambia. Kile kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" hakifuti hizo haki kwa mlaji, Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyohiyo chini ya sheria ya mwaka 2003. Ila ahadi hiyo ina tundu: kama ulikagua kabla ya kununua, ubovu ambao ulitakiwa uuone kwenye ule ukaguzi huwezi kuja kuulalamikia. Ndo maana tairi la mtumba ni mtego, umelishika umeligeuza umelikubali, lina nyufa ubavuni wazi, utasema nini? Lakini kama alikudanganya, kalichonga au kalipaka dawa nyeusi kufunika nyufa, huo ni udanganyifu na hawezi kujificha nyuma ya ukaguzi wako.

Kama wewe ni abiria, hukununua tairi, huna mkataba na duka lolote. Zamani hapo ndo ingekuwa mwisho. Mwaka 1932 Waingereza wakaamua kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, mama mmoja wa Scotland aliyenunuliwa kinywaji na rafiki yake, ndani ya chupa akasema kakuta konokono aliyeoza, akaumwa. Hakununua yeye. Wakaamua mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawajawahi kukutana. Kwahiyo kutoka kwenye ile chupa, abiria wa kosta anaweza kumfikia aliyetengeneza tairi na kwa mantiki hiyohiyo fundi aliyeziba pancha vibaya. Na mafundi wetu hapa nao wasikilize. Lile la kuchomeka kamba kwa nje bila kulivua tairi, kwenye ubavu, hapana. Tundu likiachwa bila kuzibwa kwa ndani maji yanaingia mpaka kwenye waya, waya zinashika kutu, mpira unaachia. Umechukua elfu chache ya mtu na umempa bomu.

Mtengenezaji ndo mgumu kumshika kuliko wote, tuseme ukweli. Mfano mkubwa ni wa Marekani, tarehe 9 Agosti mwaka 2000 Firestone waliita warudishiwe matairi milioni 6.5, mengi yalikuwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Kashata zilikuwa zinabanduka gari likiwa mwendoni alafu gari linapinduka, serikali yao ikahusisha vifo 271 na matairi hayo. Na angalia walivyogombana: Ford wanasema tairi bovu, Firestone wanasema gari limeundwa vibaya linapinduka kirahisi, tena Ford waliwaambia wateja wajaze upepo wa PSI 26 wakati wao Firestone walisema 30, na huyohuyo mteja naye akaambiwa hakuangalia upepo. Kabla ya kelele za Marekani malalamiko yalikuwa yameshaanza kwenye nchi za joto, Saudi Arabia na Venezuela. Joto lilisema mapema. Baada ya hapo bunge lao likatunga sheria ambayo ndo ilileta ile taa ya njano ya upepo wa tairi kwenye dashibodi za magari mapya, ukiiona inawaka ujue imelipiwa kwa roho za watu.

Kwetu ukitaka kusema tairi lilitoka kiwandani na kasoro lazima uondoe sababu nyingine zote: halikuzidishiwa mzigo, halikutembea bila upepo, halikupiga shimo, halikuzibwa ovyo. Bila tairi lenyewe na mtu anayejua kulisoma haiwezekani. Na mtengenezaji yuko Asia huko, kwahiyo kivitendo unamwangalia kwanza aliyeliingiza nchini na aliyekuuzia. TBS, Shirika la Viwango, nao wana kazi ya kuzuia bidhaa zisizokidhi viwango zisiingie sokoni, ukiona duka linauza matairi ya namna hiyo peleka taarifa kwao au Tume ya Ushindani kabla hajaumia mtu.

Kuhusu barabara yenyewe nitapita haraka. Kuidai serikali kwa ajili ya shimo inawezekana kisheria lakini kuna notisi ya siku 90 kwanza na Mwanasheria Mkuu anaingizwa kwenye kesi, usiende bila wakili.

Na lawama sio lazima iwe ya mtu mmoja, hili watu hawalijui kabisa. Unaweza ukashtaki mwenye gari na duka kwa pamoja, mahakama ikaangalia nani amechangia nini. Na wewe mwenyewe unaweza ukapunguziwa, kama siti ilikuwa na mkanda ukaukalia.

Pesa sasa inatoka wapi, maana unaweza ukashinda kesi dhidi ya mtu ambaye mali yake ilikuwa ni ile kosta tu na imeshakuwa chuma chakavu. Hapo ndo bima. Kila gari barabarani lazima liwe na bima ya watu wengine, ile wanayoiita bima ndogo, na abiria aliyelipa nauli yumo ndani yake. Ukipata hukumu dhidi ya mwenye gari, kampuni ya bima ndo inalipa, ila iwe imepewa taarifa ya kesi mapema, usisubiri hukumu ndo uende kubisha hodi. Namba ya gari inatosha kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kama bima ilikuwa hai siku ya ajali. Bima ikikuzungusha kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hiyo ofisi ipo kisheria. Aliyepanda lifti juu ya magunia kwenye fuso ana kazi ngumu zaidi, ile bima ya lazima haikumlenga yeye. Na mwenye gari, hata kama una bima kubwa, wakikuta matairi yalikuwa vipara wana sababu ya kukataa kukulipa gari lako, soma masharti.

Dereva na konda wao wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015 kwahiyo mjomba hakuukuta. Huo haumuulizi mfanyakazi nani alizembea, umeumia kazini unafidiwa, tatizo ni kwamba mabosi wengi hawana mkataba wowote na dereva na hawajamsajili mtu.

Nirudi kwenye tairi maana ndo moyo wa haya yote. Ajali ikitokea, baada ya kuokoa watu, namaanisha baada, mtu mmoja mwenye simu apige picha. Tairi lililopasuka likiwa bado kwenye gari, ubavu wote wawili, ile namba ya DOT, saizi, kiwango cha mzigo, kashata, ndani kama panaonekana. Matairi mengine yote pia, yatakuambia mwenye gari alikuwa mtu wa aina gani. Vipande vilivyobaki barabarani viokotwe, kwa sababu kashata iliyobanduka ikikutwa mita mia nyuma ya gari inasema iliachia kabla ya ajali. Msilitoe kwenye rimu. Waambie trafiki kwa heshima kwamba mnaomba tairi liandikwe kama kielelezo na litunzwe kituoni, na mkaguzi wa magari aandike hali yake, sio aandike "tairi kupasuka" akamaliza. Likienda gereji, ndugu mmoja aende nalo, liandikiwe jina, mwenye gereji asaini. Majeruhi achukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na atunze kila karatasi ya hospitali, na tiketi. Mwenye gari mwaminifu naye anataka tairi litunzwe, litamsaidia kumfikia aliyemuuzia, ndo maana risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ya matairi usiitupe hata kidogo. Anayekimbilia kulitupa, mimi ningemuangalia mara mbili.

Na mda. Madai ya uzembe ni miaka mitatu tangu ajali. Ya mkataba, mfano mnunuzi wa tairi na duka, au abiria na mwenye basi aliyemuuzia tiketi, ni miaka sita. Inaonekana mingi ukiwa mzima, ukiwa kitandani na mguu haupo miaka inapita bila kuiona.

Mwaka jana yule mama wa Ndanda alikuja Mtwara kumsalimia mjomba, hawana kinyongo, wanaitana shemeji siku hizi. Alikuwa amekuja na mkoba wa plastiki, ndani kuna PF3, makaratasi ya hospitali na kipande cha tiketi, vyote amevitunza, havijakunjika hata kona. Akaniambia, "Mwanangu we unasomasoma hivi vitu, hebu niangalizie kama kuna chochote." Nikaangalia tarehe. Nikaangalia tena. Alikuwa ametunza kila kitu, na kwa miaka yote ile hakuna mtu hata mmoja, si polisi, si mahakamani, si sisi ndugu wa dereva, aliyewahi kumwambia kwamba lile gari lilikuwa na bima.